Mistari Mitatu ya Pylades: Rafiki Mwaminifu katika Tanzia ya Kigiriki

Katika uhakiki wa tamthilia, rafiki wa shujaa huainishwa kwa kawaida kuwa mhusika msaidizi: husikiliza siri, huliwaza, hushuhudia kifo, basi. Makala haya yanadai kwamba uainishaji huo unaficha jambo la kihistoria. Katika tanzia za Athens za karne ya 5 KK, uaminifu wa rafiki ulikuwa nguvu yenye kutisha, na kati ya mwaka 458 na 408 tisho lake lilibadilika pamoja na siasa za mji. Mfano wetu ni Pylades, mwandani wa Orestes.

Aeschylus alimleta Pylades jukwaani mwaka 458 KK, katika tamthilia ya pili ya utatu wa Oresteia. Orestes amerejea Argos kutoka Phocis, kwa Strophius babake Pylades, ili alipize kisasi cha babake Agamemnon, aliyeuawa na mkewe Clytemnestra. Pylades anaingia naye na kunyamaza karibu mchezo mzima. Hadhira haikuwa na sababu ya kumtarajia aseme, kwani waigizaji wenye maneno walikuwa wachache, na wahusika wa ziada walisimama nyuma ya vinyago vyao bila kutamka lolote. Ndipo Clytemnestra anapomwonyesha mwanawe titi lililomnyonyesha. Orestes anasita, anamgeukia rafiki yake na kumwuliza afanyeje. Pylades anajibu kwa mistari mitatu tu, akimkumbusha agizo la Apollo na viapo, na kwamba ni heri uadui wa wanadamu wote kuliko wa miungu. Hasemi tena. Tukikumbuka kwamba Delphi, penye hekalu la Apollo, imo Phocis, ni vigumu kutosikia humo sauti ya mungu. Hata hivyo, kinywa kilichoitamka ni cha rafiki, na bila kinywa hicho huenda mama asingeuawa.

Sophocles, na Euripides pia, katika tamthilia zao ziitwazo Electra, walimrudisha kwenye ukimya.

Katika Orestes ya Euripides, ya mwaka 408 KK, Pylades anasema mengi. Babake amemfukuza kwa kushiriki mauaji. Baraza la Argos limewahukumu kifo Orestes na dadake Electra. Methali yetu humpima rafiki kwa dhiki, na kwa kipimo hicho Pylades hana doa, kwani anakataa kuishi bila mwenziwe. Ila msaada anaouleta ni shauri la kumwua Helen, mke wa Menelaus, na kuliteketeza jumba la kifalme iwapo watashindwa. Safari hii hakuna mungu aliyeagiza.

Hadhira ilikuwa imeyaona hayo nje ya jukwaa. Mwaka 411 watu 400 waliupindua utawala wa umma, wakisaidiwa na vikundi vya siri vya marafiki walioapiana, ambavyo Thucydides anaeleza kuwa vilisaidiana mahakamani na katika kuwania vyeo. Akisimulia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Corcyra, aliandika pia kwamba kifungo cha kundi kilizidi cha damu. Sidai kwamba Euripides alitunga fumbo la mapinduzi. Lakini vijana watatu wanaopanga kuua na kufa pamoja hawakuweza kuonekana na Mwathene wa mwaka ule kuwa picha ya upendo pekee.

Pylades mpole tuliyemrithi anatoka zaidi Roma. Cicero anasimulia jinsi watazamaji wa tamthilia ya Pacuvius walivyosimama na kushangilia pale Pylades alipodai kuwa yeye ndiye Orestes, ili auawe badala yake.