Jinsi ya kubaini mipangilio ya monita kwa njia ya amri

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huikuta monita ikionyesha herufi kubwa zilizovutika, ama picha isiyoenea kioo, wakaamua kuwa imekwisha na kuanza kutafuta nyingine. Mara nyingi uamuzi huo huwa wa haraka mno. Amri chache zinazoandikwa kwa kibodi zinatosha kuonyesha iwapo kasoro iko kwenye monita yenyewe, kwenye waya, au kwenye mipangilio tu.

Njia hii hufaa zaidi pale ambapo dirisha la kawaida la mipangilio halionekani lote, au fundi anapoihudumia kompyuta akiwa mbali kupitia mtandao.

Monita inavyojitambulisha

Kila monita ya kisasa hubeba kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, ambayo utaratibu wake uliwekwa na taasisi ya viwango ya VESA mwaka 1994. Sehemu ya kwanza ya kumbukumbu hiyo ina baiti 128 tu, lakini ndani yake mna herufi tatu za kumtambulisha mtengenezaji, vipimo vya kioo, na ukubwa wa picha unaoifaa monita hiyo. Kompyuta huisoma kupitia waya uleule unaopeleka picha.

Kwa waya wa VGA, kazi hiyo hufanywa na pini ya 12 na ya 15. Pini mojawapo ikivunjika, picha huendelea kuonekana, lakini kompyuta haijui tena imeunganishwa na monita gani. Hapo hulazimika kukisia, na aghalabu huishia kwenye nukta 1024 kwa 768.

Amri za Linux

Katika kompyuta za Linux zinazotumia mfumo wa madirisha wa X11, amri kuu ni hii:

xrandr

Majibu yake hutaja kila tundu la picha na kuonyesha kama lina monita. Chini ya tundu lenye monita hufuata orodha ya vipimo vinavyowezekana. Alama ya nyota huonyesha kipimo kinachotumika wakati huo, na alama ya kujumlisha huonyesha kile ambacho monita yenyewe inakipendelea. Alama hizo mbili zikiwa kwenye mistari tofauti, kuna uwezekano mkubwa kuwa chanzo cha picha mbaya ni mipangilio.

Amri hiyo hutaja pia upana wa kioo kwa milimita. Kwa mfano, monita yenye nukta 1920 katika upana wa milimita 477 ina takriban nukta 102 kwa kila inchi.

Ili kujua kama waya ni mzima, husomwa faili la EDID lenyewe:

cat /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid | wc -c

Jina la tundu na namba ya kadi hutofautiana baina ya kompyuta. Jibu likiwa 128 au 256, taarifa za monita zinafika. Likiwa 0 ilhali monita imewashwa na kuunganishwa, waya ubadilishwe kwanza kabla ya monita kulaumiwa.

Hata hivyo, kompyuta nyingi za Linux sasa hutumia Wayland badala ya X11. Amri ya echo $XDG_SESSION_TYPE hueleza ni upi unaotumika. Penye Wayland, xrandr haiwezi kutegemewa kubadilisha mipangilio. Mazingira ya KDE hutumia kscreen-doctor -o, Sway hutumia swaymsg -t get_outputs, na GNOME kuanzia toleo la 48 la mwaka 2025 hutumia gdctl show.

Windows na Mac

Kwa Windows, ndani ya PowerShell huandikwa Get-CimInstance Win32_VideoController, nayo hutoa nukta za upana, nukta za kimo, na idadi ya mara picha inavyochorwa upya kwa sekunde. Amri ya zamani ya wmic haifai kutegemewa, kwani Microsoft iliacha kuiendeleza mwaka 2021. Kwa kompyuta za Mac, amri ni system_profiler SPDisplaysDataType.

Tahadhari wakati wa kurekebisha

Waya mwingine usipopatikana, mtumiaji wa X11 anaweza kuiongezea kompyuta kipimo kinachokosekana. Amri ya cvt 1440 900 hukokotoa namba zinazohitajika, ambazo huingizwa kwa xrandr --newmode na kuunganishwa na tundu kwa xrandr --addmode.

Wakati wa kujaribu kipimo hicho, ni busara kuandika amri tatu kwa mfululizo katika mstari mmoja:

xrandr --output VGA-1 --mode 1440x900_60.00; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --auto

Kwa namna hiyo, hata kioo kikiwa cheusi kabisa, kompyuta hukiacha kipimo hicho yenyewe baada ya sekunde 15.

Aidha, wenye monita za zamani za kioo kinene hawana budi kusoma kwanza kijitabu chake, kwa kuwa baadhi yake ziliweza kuharibika zilipolazimishwa kuchora picha kwa kasi iliyozidi uwezo wake. Monita bapa kwa kawaida hukataa tu na kuandika kuwa kipimo hakikubaliki.

Mabadiliko yanayofanywa kwa xrandr hudumu hadi mtumiaji anapotoka au kuzima kompyuta. Hivyo aliyekosea huweza kuanza upya bila hasara.