Pembe za Ndovu na Majumba ya Unguja

Msomaji wa Bariadi akijaliwa kuvuka bahari kwenda Unguja, asidhani kwamba mambo ya Mji Mkongwe hayamhusu. Wageni wa mbali huuzuru kwa ajili ya ufuo wake na pepo zake. Lakini sehemu ya utajiri uliousimamisha ilitoka bara, mabegani mwa babu zetu.

Yapata mwaka wa 1840 Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Maskati akayaweka Unguja. Alikuwa na jumba Mtoni, kando ya bahari, na huko Kidichi, penye mashamba, akamjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka wa 1850. Mwanawe Barghash naye alijenga Maruhubi, ufuoni vile vile. Jumba hilo liliteketea kwa moto mwaka wa 1899, zikabaki nguzo zimesimama kama mivumo iliyokatika vichwa.

Nyumba za mjini ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zachukuliwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba ni vyembamba. Vitu hivyo vyote vyapatikana pwani. Je, mali ya kuvilipia ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, na katika biashara ya watumwa, na katika pembe za ndovu.

Wasukuma, pamoja na ndugu zao Wanyamwezi, walikuwa wapagazi. Mtu asiwachanganye na watumwa: wengi walikwenda kwa hiari, wakalipwa nguo na ushanga. Wakiisha kuvuna walishika njia ya Tabora, wakaenda kwa miguu muda wa miezi hata Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wake wa frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Jahazi zikavusha pembe mpaka Unguja, nazo zikaenda Bara Hindi, Uingereza na Marekani, zikawa bangili, vitana na vibao vya piano. Toka Marekani zilirudi jora za nguo, ndiyo maana nguo ile ikaitwa amerikani. Basi mpagazi alirudi kwao amevaa jina la nchi iliyonunua mzigo wake, wala hakujua.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka wa 1873, Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza tarehe 5 Juni. Siku ya Krismasi mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale. Askofu Steere alilisimamia mpaka likaezekwa, na husemwa kwamba altare yasimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Kwa hiyo waliouzwa wana ukumbusho wao, nao wastahili. Wapagazi hatukuwaonea ukumbusho kama huo, na twaona si haki.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka wa 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Aendaye huko na atazame pia milango ya kuchongwa katika vichochoro, kwani mingi iliwekwa na matajiri wa zama zile zile za pembe.