Samson Raphael Hirsch: Rabi aliyetaka uraia bila kuiacha Torati

KATIKA karne ya 19, Wayahudi wa Ujerumani walikabiliwa na swali zito. Je, ili wahesabiwe kuwa raia sawa na wenzao Wakristo, ilikuwa lazima waziache desturi za dini zilizowatofautisha na majirani zao?

Miongoni mwa waliolijibu swali hilo kwa msimamo usioyumba ni Rabi Samson Raphael Hirsch. Yeye alishikilia kwamba Myahudi aweza kuwa raia mwema na msomi wa elimu ya kisasa bila kupunguza hata amri moja ya Torati. Msimamo huo ulimpa sifa kubwa, lakini pia ulimtenga na watu aliowapenda.

Hirsch alizaliwa Juni 20, 1808 katika mji wa bandari wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Babake alikuwa mfanyabiashara, naye babu yake, Mendel Frankfurter, alikuwa mwasisi wa shule ya Talmud Torah mjini humo.

Alipokuwa na umri wa miaka 10, Wayahudi waliotaka mageuzi walifungua hekalu lao Hamburg. Humo kinanda kilipigwa wakati wa ibada, mahubiri yalitolewa kwa Kijerumani, na baadhi ya sala za kuomba kurejea Sayuni zikabadilishwa. Marabi wa jadi walilaani hatua hiyo na jumuiya ikagawanyika. Hirsch alikua akiyashuhudia mabishano hayo.

Mwalimu wake alikuwa Rabi Isaac Bernays, aliyekuwa amesoma chuo kikuu na akihubiri kwa Kijerumani sanifu, ilhali alizingatia sheria zote za dini. Kwa Bernays, Hirsch alipata kielelezo cha mtu aliyeyaunganisha mambo mawili ambayo wengi walidhani hayapatani. Baadaye aliendelea na masomo ya dini kwa Rabi Jacob Ettlinger mjini Mannheim.

Mnamo 1829, Hirsch alijiunga na Chuo Kikuu cha Bonn. Huko alipatana na mwanafunzi mwenzake, Abraham Geiger, mzaliwa wa Frankfurt. Vijana hao wawili walisoma Talmud pamoja na kuunda chama cha wanafunzi Wayahudi waliojizoeza kuhubiri. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba Geiger angekuja kuwa kiongozi wa wanamageuzi, na Hirsch mpinzani wao mkuu.

Hirsch hakukaa sana chuoni. Mwaka wa 1830, akiwa na umri wa miaka 22, aliteuliwa kuwa rabi mkuu wa Oldenburg. Ni huko alikoandika kitabu kilichomtambulisha, Barua Kumi na Tisa kuhusu Dini ya Kiyahudi, kilichochapishwa mnamo 1836 kwa jina la kubuni la Ben Usiel.

Katika kitabu hicho, kijana aitwaye Benjamin anamwandikia rafiki yake Naftali, akilalamika kwamba dini imewaletea Wayahudi mateso na kuwafungia milango ya maendeleo. Barua zinazofuata ni majibu ya Naftali. Hirsch aliandika kwa Kijerumani fasaha, lugha waliyoienzi vijana wasomi aliotaka kuwafikia.

Mmoja wa vijana waliovutiwa na maandishi hayo ni Heinrich Graetz, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mashuhuri. Graetz aliishi nyumbani kwa Hirsch kati ya 1837 na 1840 akiwa mwanafunzi wake. Kwa upande mwingine, Geiger alikichambua kitabu hicho kwa ukali katika jarida lake, na urafiki wa Bonn ukaingia nyufa.

Baada ya kuhudumu Emden kuanzia 1841, Hirsch alihamia Nikolsburg na kuwa rabi mkuu wa Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Wayahudi wa huko walikuwa wamebanwa na sheria ya mwaka wa 1726 iliyowekea idadi ya familia zao kikomo. Kwa kawaida, ni mwana wa kwanza tu aliyeruhusiwa kuoa kihalali. Mapinduzi ya 1848 yalipozuka, Hirsch aliingia katika bunge la Moravia na kupigania haki za watu wake.

Hata hivyo, hakuwaridhisha wote. Wazee wa jadi walinung'unika kwamba alivaa joho wakati wa ibada na kutilia mkazo Biblia na Zaburi kuliko mijadala ya Talmud. Wanamageuzi nao walimwona mtu wa kale.

Mwaka wa 1851 alifanya uamuzi uliowashangaza wengi. Aliuacha wadhifa wa rabi mkuu wa nchi nzima, akaenda Frankfurt kuongoza kikundi kidogo cha waumini wa jadi ambao hawakukubaliana na uongozi wa kimageuzi wa jumuiya yao.

Huko alijenga sinagogi na kufungua shule mnamo 1853. Wavulana na wasichana walifundishwa Torati na Kiebrania, pamoja na Kijerumani, hesabu na sayansi. Mwongozo wake ulikuwa Torah im Derech Eretz, yaani Torati pamoja na maisha ya ulimwengu. Kadhalika, alianzisha jarida la Jeschurun mwaka wa 1854, na kati ya 1867 na 1878 alitoa ufafanuzi wake wa vitabu vitano vya Musa.

Katika miaka hiyo alitengana pia na Graetz, kwa kukosoa vikali namna mwanafunzi wake wa zamani alivyoiandika historia ya Wayahudi. Naye Geiger alirejea Frankfurt mnamo 1863 kuwa rabi wa jumuiya kuu. Kwa miaka saba, marafiki wa zamani walihubiri katika mji mmoja, kila mmoja akiongoza upande wake.

Mnamo 1869, sheria ya Shirikisho la Ujerumani Kaskazini iliondoa vikwazo vya uraia vilivyotegemea dini. Lakini sheria ilikuwa bado inamlazimu kila Myahudi kuwa mwanachama wa jumuiya ya mahali alipoishi na kuilipia kodi. Aliyetaka kujiondoa alilazimika kuikana dini yenyewe.

Hirsch alidai kwamba huo ulikuwa ukandamizaji wa dhamiri. Kwa juhudi zake na za mbunge Eduard Lasker, Prussia ilipitisha sheria mnamo Julai 1876 iliyowaruhusu Wayahudi kujitoa katika jumuiya bila kuiacha dini yao.

Ushindi huo uligeuka uchungu. Jumuiya kuu iliahidi kuwatimizia waumini wa jadi mahitaji yao, na Rabi Seligman Bär Bamberger wa Würzburg, mwanazuoni wa jadi aliyeheshimika, akaamua kwamba kujitoa hakukuwa wajibu. Mwaka wa 1877 wawili hao walijibizana kwa barua za wazi. Wengi wa waumini wa Hirsch waliendelea kuhudhuria sinagogi lake, lakini hawakujitoa katika jumuiya kuu.

Hirsch alifariki Frankfurt Desemba 31, 1888. Sinagogi kubwa ambalo waumini wake walilifungua mwaka wa 1907 liliteketezwa na Wanazi mnamo Novemba 1938. Uraia uliopiganiwa kwa miongo mingi ulifutwa, na waliotupa desturi zao hawakusalimika kuliko waliozishika.

Mjukuu wake, Rabi Joseph Breuer, alitorokea Marekani na kuanzisha upya jumuiya hiyo mjini New York. Vitabu vya Hirsch vingali vinasomwa, na swali la Benjamin bado linawahusu wote ambao dini yao ni ya wachache katika nchi wanayoiita yao.