Nguo za Japani na Ugomvi Uliotupita Juu ya Vichwa

Imetimia miaka 90 na ushei tangu tarehe 7 Mei 1934, siku ambayo Waziri wa Biashara wa Uingereza, Walter Runciman, alilitangazia Bunge la London kwamba makoloni yatawekewa mpaka wa nguo za Kijapani yatakazoruhusiwa kuingiza. Na kwa kuwa tarehe hiyo hupita hapa Burat, kama ipitavyo Kenya nzima, pasi na mtu kuitaja, si vibaya kuieleza habari ya vazi lililowasitiri wazee wetu.

Mwanzo wake ni mashuhuri: merikani ya Salem iliteremshwa Unguja tangu miaka ya 1830, vita vya Wamarekani wao kwa wao vikaikatisha, Manchester na Bombay zikashika nafasi. Mwaka 1926 meli za Osaka Shosen Kaisha zikafungua njia ya Afrika Mashariki, na majora ya Kijapani, yaliyokuwa rahisi kuliko yote, yakaenea bara.

Hapo ukazuka ugomvi. Wenye viwanda wa Lancashire walidai kwamba Mjapani anauza kwa bei ya dhuluma kwa sababu huwalipa wasichana wake ujira duni. Wajapani wakajibu kwamba mitambo yao ni bora, na hoja hiyo haikuwa ya kubezwa, maana mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, fahari ya ufundi wa Kiingereza, ilikubali kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuunda mtambo wa kufumia uliobuniwa na Sakichi Toyoda. Mwaka 1933 Japani ikaipita Uingereza kwa wingi wa nguo za pamba zilizouzwa ng'ambo, mazungumzo ya London yakavunjika, na Runciman akatoa amri yake. Lakini Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa, kwani mkataba wa Saint-Germain wa 1919, uliorithi ule wa Berlin wa 1885, uliharimisha kuwabagua wafanyabiashara wa dola zilizoutia sahihi, Japani ikiwamo, katika bonde la Kongo, ambalo kwa hesabu ya mabwana wale lilienea mpaka Bahari ya Hindi, na Burat ikawa ndani yake. Hivyo maskini akapata nafuu kwa waraka ambao hakushauriwa.

Ajuza mmoja wa Burat, ambaye marehemu babake aliuza nguo mjini Isiolo, na ambaye ndiye mwalimu wangu katika sehemu hii, hana haja na mikataba. Kwake Japani ni leso zilizorudi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo matajiri wa Mombasa waliagiza zichapwe huko. "Mwanangu," aliniambia huku akifungua sanduku, "leso mpya haivaliwi, hufuliwa kwanza." Hulowekwa peke yake katika maji baridi yenye chumvi ili rangi isichuje, husuguliwa taratibu mpaka dondo litoke, huanikwa kivulini upande wa ndani ukiwa nje, pindo likashonwa kabla halijafumuka, kisha ikafukizwa udi. Doti aliyonionyesha ilikuwa imelainika mithili ya hariri, nyekundu yake ingali hai, isipokuwa katikati, mahali ilipokuwa mbeleko ya watoto wake. Wasamburu nao, asema, waliipaka merikani ngeu na mafuta, wakaipa rangi yao wenyewe.

Baadaye vilikuja viwanda vyetu, Rivatex ya Eldoret miongoni mwavyo, vikazorota, na mitumba ikatamalaki. Leo nguo hutupwa kabla haijapauka, na kijana hufua nyeupe na nyekundu katika beseni moja, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha adabu ya nguo. Serikali ya kaunti, inayopenda kugawa leso zenye nyuso za wakubwa, ingefanya jambo la maana zaidi kama ingewatafuta wenye doti za zamani, ikazipiga picha na kuandika zilinunuliwa duka gani, kabla wajukuu hawajazikata madekio.