Chupa moja kabla ya safari: Kiasi kidogo cha pombe humfanyia nini dereva

WASAFIRI wanaotoka Nairobi kwenda Migori na Homa Bay kwa mazishi huondoka Ijumaa, hupitia Narok, Bomet na Kisii, na aghalabu hufika Rongo giza likiwa limeshaingia. Hapo njia hugawanyika. Moja hushika upande wa Homa Bay na ufuo wa Ziwa Victoria, nyingine huteremka Awendo, ikapita mjini Migori hadi Isebania mpakani mwa Tanzania. Hapo pia ndipo wengi husimama kunyoosha miguu, na dereva akaagiza chupa moja. Hasemi kwamba anakunywa ili alewe. Husema anatoa vumbi kooni.

Makala haya yanahusu chupa hiyo moja. Dereva anayepepesuka hana mtetezi: makanga humpokonya ufunguo na abiria humzomea. Yule aliyekunywa kidogo, ambaye macho yake ni maangavu na kauli yake imenyooka, ndiye husifiwa kuwa "akinywa huendesha kwa uangalifu zaidi". Imani hiyo ina historia yake, na inastahili kuchunguzwa kabla ya kukanushwa.

Kidogo ni kiasi gani?

Chupa ya kawaida ya bia nchini Kenya hubeba mililita 500. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 4.2, kama ilivyo Tusker, ndani yake mna takriban gramu 16 na nusu za pombe halisi. Kwa mujibu wa hesabu iliyoasisiwa na mwanasayansi Erik Widmark wa Uswidi katika karne iliyopita, mwanamume wa kilo 70 anayeinywa chupa hiyo tumbo likiwa tupu atafikia takriban miligramu 35 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Mwanamke wa kilo 55 atafikia kama miligramu 55, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na una maji kidogo zaidi kulingana na uzito wake. Akiongeza chupa ya pili kwa haraka, mwanamume atakaribia 70 na mwanamke atapita 100.

Haya ni makadirio tu. Watu wawili wenye uzito sawa wanaweza kutofautiana, na chakula hubadilisha mwendo wa mambo. Mlo wa ugali na samaki huchelewesha pombe kuingia katika damu, kwa hivyo kilele chake huwa cha chini na huja baadaye. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyeshiba hujiona mzima anapoliwasha gari, kisha akalemewa akiwa tayari amekwenda kilomita 20.

Chupa, hata hivyo, ina lebo. Chang'aa haina. Bilauri ya mililita 100 ya kinywaji chenye nguvu ya asilimia 30 ina karibu gramu 24 za pombe, kushinda chupa nzima ya bia, na anayeinywa hana njia ya kujua kama aliyoletewa ni ya asilimia 30, chini yake au zaidi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyopewa jina la utani la Sheria ya Mututho, ilifuta ile iliyokuwa ikipiga marufuku chang'aa na kuruhusu itengenezwe kwa viwango na kuuzwa kwa kufungashwa. Inayonywewa vijijini, tangu Ndhiwa hadi Kuria, kwa kawaida hutoka moja kwa moja katika mtungi. Mtu anayesema amekunywa "bilauri moja tu" husema kweli, lakini ukweli huo haupimiki. Hali ni hiyo hiyo kwa kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40, ambacho hutoshea mfukoni mwa koti: kina gramu 79 za pombe, sawa na chupa karibu tano za bia.

Yanayotangulia kupotea

Pombe haianzi na miguu. Huanza na uwezo wa ubongo kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuendesha gari ni kazi ya mambo mawili, matatu au manne kwa wakati mmoja: kushika njia, kukadiria kasi ya anayekuja mbele, kumwona mtoto ukingoni, kusikia injini. Mwaka wa 2000, watafiti Herbert Moskowitz na Dary Fiorentino walipitia tafiti 112 kuhusu viwango vya chini vya pombe. Waligundua kuwa baadhi ya uwezo unaohitajika katika udereva huanza kudhoofika hata kabla ya miligramu 20, na kwamba kufikia 80, asilimia 94 ya tafiti hizo zilikuwa zimeonyesha madhara.

Kinachowapotosha watu ni kwamba uwezo wa kujipima mwenyewe nao hupungua. Dereva aliyepoteza nusu sekunde hawezi kuihisi nusu sekunde hiyo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huwa limesonga mita 11 katika muda huo, na katika barabara ya Awendo msimu wa mavuno, mita 11 mbele yako huenda pakawa na trela ya miwa isiyo na taa ya nyuma.

Usingizi huzidisha hasara. Mtu aliyeamka alfajiri jijini, akafanya kazi hadi mchana na kisha kushika usukani kwa zaidi ya kilomita 300, tayari ni mchovu. Chupa moja ndani ya mwili wa namna hiyo haina athari ile ile iliyo nayo kwa mtu aliyelala saa nane.

Imani ilikotoka

Aliyewapa nguvu wanaosema kwamba pombe kidogo huongeza uangalifu ni, bila kukusudia, Robert Borkenstein, Mmarekani aliyebuni kipimo cha ulevi kwa pumzi mwaka wa 1954. Miaka kumi baadaye alichapisha matokeo ya utafiti wake katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, uliolinganisha maelfu ya madereva waliopata ajali na wengine ambao hawakupata. Utafiti huo ulithibitisha kuwa hatari hupanda kwa kasi pombe inapozidi. Lakini mchoro wake ulikuwa na bonde dogo mwanzoni: waliokuwa na kiasi kidogo sana cha pombe walionekana kupata ajali chache kuliko wasiokunywa kabisa.

Bonde hilo lilisherehekewa na walevi wa dunia nzima. Lilipochunguzwa tena, ikadhihirika kwamba halikutokana na pombe. Katika kundi la wasiokunywa walikuwamo vijana wasio na uzoefu na wazee sana, ambao hupata ajali nyingi hata wasipogusa tone. Waliokuwa na pombe kidogo wengi wao walikuwa watu wa makamo, wenye uzoefu wa barabara na mazoea ya kunywa. Wanywaji wa mazoea walipolinganishwa na wanywaji wenzao wa mazoea, na wasio na mazoea na wenzao, bonde likatoweka: katika kila kundi, kila tone lililoongezeka liliongeza hatari.

Utafiti uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika miji ya Long Beach na Fort Lauderdale, nchini humo humo Marekani, ulizingatia tofauti hizo tangu mwanzo. Ulipata kwamba kwa miligramu 50 hatari ya ajali ni takriban mara 1.4 ya ile ya asiyekunywa, kwa 80 ni mara 2.7, na kwa 100 ni karibu mara tano. Msomaji ataona kwamba namba ya kwanza si ya kutisha. Ni kweli. Dereva anaweza kunywa chupa moja Rongo na kufika Mbita salama mara 100, na kila anapofika salama huzidi kuamini kwamba chupa hiyo haina neno.

Sheria inauliza swali lipi?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya humtia hatiani anayeendesha, anayejaribu kuendesha au mwenye dhamana ya gari barabarani akiwa chini ya athari ya kileo au dawa kwa kiwango cha kutoweza kulidhibiti gari ipasavyo. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Akisababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kifungu cha 46 kinaweza kumpeleka gerezani kwa muda usiozidi miaka 10.

Zingatia maneno yenyewe. Kifungu cha 44 hakiulizi mtu amekunywa kiasi gani. Huuliza kama ameshindwa kulidhibiti gari. Kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011 ndizo zilizoleta namba: maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, au miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Mnamo Desemba 2013, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) ikishirikiana na polisi ilianza kutumia kifaa ambacho Wakenya wote sasa wanakiita Alcoblow, na baa zikaanza kufunga mapema kwa hofu.

Mwezi Mei 2017, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo zilikinzana na sheria mama, kwa kuwa ziliunda kosa la kuvuka namba fulani bila kujali kama dereva alikuwa ameshindwa kulidhibiti gari. Magazeti mengi yaliandika kwamba Alcoblow imeharamishwa, na wasomaji wengi wakaelewa kwamba kunywa na kuendesha kumeruhusiwa. Si hivyo. Kosa la kifungu cha 44 lilibaki palepale. Mwaka wa 2025, Wizara ya Uchukuzi ilitoa rasimu ya kanuni mpya kuhusu ulevi na udereva ili wananchi watoe maoni.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mzozo huo wote ulikuwa wa lugha kabla ya kuwa wa sheria. Kiswahili kinatenganisha "amekunywa" na "amelewa", na sisi katika vyumba vya habari tumezoea kuandika "dereva mlevi" hata pale ripoti ya polisi inaposema tu kwamba alinuka pombe. Kwa kufanya hivyo tunamwachia aliyekunywa bila kulewa njia pana ya kutokea, kwani yeye, kwa dhati yake, anajua hakuwa mlevi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kiwango kisichozidi miligramu 50 kwa madereva wote na 20 kwa vijana na wanaoanza. Kiwango cha 80 kilichochukuliwa na Kenya ndicho ambacho Uingereza ilikiweka mwaka 1967. Scotland, ambayo ni sehemu ya Uingereza hiyo hiyo, ilikishusha hadi 50 mnamo Desemba 2014.

Bodaboda na ziwa

Namba zote zilizotajwa hapo juu zinahusu magari. Pikipiki ni habari nyingine, maana haisimami yenyewe. Husimamishwa na mizani ya mwili wa anayeiendesha, na mizani hiyo huvurugwa na viwango vya pombe ambavyo mwenye gari angevivumilia. Abiria wa bodaboda kutoka Sori, Muhuru Bay au Mbita hana mkanda wala mlango wa chuma. Sheria inamtaka avae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga, naye aghalabu hana hata kimoja.

Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku kwa mwanga wa taa na hupokea fedha zao asubuhi. Kwao saa ya kunywa ni saa ambayo wengine wanaenda kazini, na wanaporudi nyumbani kwa pikipiki saa nne au saa tano mchana, barabara imejaa watoto na kina mama wa sokoni. Misako ya polisi, ambayo kwa kawaida hufanywa usiku na misimu ya sikukuu, haiwakuti.

Asubuhi ya mazishi

Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, takriban miligramu 15 kwa saa. Kahawa nyeusi, maziwa, supu wala maji baridi ya kuoga hayaharakishi. Huenda vikamfanya mtu awe macho zaidi, lakini pombe ni ile ile.

Chukua mwanamume yule wa kilo 70 aliyefika matangani na kunywa chupa sita kati ya saa mbili na saa sita usiku. Anapolala ana takriban miligramu 150. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi kwenda hospitalini Homa Bay kuuchukua mwili wa marehemu, bado ana takriban 60, kiwango ambacho kingemtia hatiani Scotland. Wazee waliopanda nyuma hawatasikia harufu yoyote, kwa sababu amepiga mswaki na kunywa chai. Kwa hesabu hiyo, damu yake itakuwa safi kama saa nne asubuhi, wakati msafara umeshafika nyumbani na mahubiri yameanza.