Kinjeketile na swali la dosari ya shujaa

Katika somo la tamthiliya swali hili haliepukiki: ni dosari gani iliyomwangusha shujaa? Kwa Macbeth twajibu tamaa, kwa Othello wivu, na tukifika kwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein wengi wetu huandika "ushirikina" tukapita. Jibu hilo naliona jepesi, na kwa mwanafunzi wa historia ni la hatari.

Kwanza neno lenyewe. Aristotle, aliyeandika juu ya tanzia katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitumia neno hamartia, ambalo Wagiriki walilitumia pia kwa mpiga mshale aliyekosa shabaha. Alimfikiria mtu wa kati, asiye mwovu wala mkamilifu, anayeanguka kwa kosa. Oedipus, ambaye Samuel Mushi alituletea kwa Kiswahili kama Mfalme Edipode, alikuwa na kiburi, sikatai. Lakini alimuua baba yake kwa sababu hakumjua. Mazoea ya kutafuta kasoro ndani ya moyo wa shujaa yalipata nguvu baadaye sana, hasa kwa wahakiki wa Shakespeare kama A. C. Bradley, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1904.

Sasa tumtazame Kinjeketile wa tamthiliya, iliyochapishwa mwaka 1969. Anatoka mtoni na maji ya kuwaunganisha watu waliokuwa wakigombana. Anawaomba wangoje, hawangoji. Mwishoni, akiwa kifungoni, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, maana Wajerumani wangelitumia neno hilo kuwafundisha wajukuu kwamba kupigana lilikuwa kosa. Hapo sioni ushirikina hata kidogo. Namwona mtu aliyerusha mshale kwa nia njema, na sasa hawezi kuurudisha.

Lakini Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba huko Nandete. Boma la Mahenge liliposhambuliwa mwishoni mwa mwezi huo, yeye hayupo. Vita viliendelea hadi 1907, watu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuteketeza vyakula na mashamba. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Alihitaji abaki hai hadi mwisho, kwa kuwa tanzia lazima iwe na mtu wa kuangukiwa na mambo. Historia haina haja hiyo. Ukisema Majimaji ilishindwa kwa dosari ya mganga mmoja, umeisahau kodi, umeyasahau mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na umeisahau bombomu iliyokuwa ikiwangoja Mahenge.

Jambo hili linanigusa kwa sababu naishi Nakivale. Makazi haya yanapokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960: Wanyarwanda, kisha Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine. Jioni tukikaa, kila taifa lina mtu wake mmoja wa kulaumiwa: rais fulani mlafi, jenerali fulani mwenye hasira. Wazee wanaipenda simulizi hiyo kwa kuwa ina mwisho. Mtu huyo akifa, ubaya umekwisha. Mwaka unaofuata basi jingine linashusha watu wapya.

Hata Mbarara, mji tunaokwenda kutoa fotokopi za insha zetu, una mfano wake. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji waliompinga Idi Amin walivuka kutoka Tanzania wakaushambulia, wakitumaini wananchi wangeinuka pamoja nao. Hawakuinuka, na wapiganaji wengi waliuawa. Ukitafuta tabia mbovu hapa utahangaika, maana ujasiri walikuwa nao. Walichokosa ni habari za kweli. Aristotle angelitambua kosa hilo mara moja, ingawa angepata taabu kumpata shujaa mmoja wa kumbebesha. Februari 1979 mji huohuo ulitekwa na jeshi la Tanzania, na safari hii waliokuja walikuwa na mizinga.