Kampuni ya Keki Iliyounganisha Vitabu vya Hesabu

Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kila siku za biashara haikujengwa na benki. Ilijengwa na wauza chai na keki. J. Lyons & Co. ya London ilikuwa na migahawa mingi Uingereza, na kila siku ilioka na kusambaza mikate na keki ambazo kila kipande kiliingiza faida ndogo mno. Katika biashara ya namna hiyo, gharama za ofisi zinaweza kumaliza faida yote. Oda zilikuwa na daftari lake, stoo lake, mishahara lake, na kila daftari karani wake. Takwimu ileile ikanakiliwa tena na tena.

Mwaka 1923 Lyons ilimwajiri mwanahisabati wa Cambridge, John Simmons. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walichunguza ofisi za kampuni yao: karatasi hii inakwenda kwa nani, na anayeipokea anaifanyia nini? Naiona hii kuwa sehemu muhimu kuliko zote katika historia hii, maana mashine ilipokuja ilikuta watu wanaoijua kazi yao.

Mwaka 1947 maofisa wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, walitumwa Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Huko wakaelezwa kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge, nyumbani kwao, kilikuwa kinaunda kompyuta. Lyons ikauchangia mradi huo pauni 3,000, kisha ikaunda mashine yake yenyewe, LEO. Novemba 1951 LEO ilianza kupiga hesabu za gharama za kiwanda cha mikate.

Mishahara ikafuata. Hesabu ya mfanyakazi mmoja, iliyomchukua karani mzoefu dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu. Hata hivyo, kazi iliyobeba wazo kubwa zaidi ni ile ya oda za migahawa. Kila msimamizi alikuwa na oda yake ya kawaida. Akipiga simu alitaja mabadiliko tu, na karani aliyemsikiliza akayatoboa papo hapo kwenye kadi. Kadi hizo ziliiwezesha LEO kutoa orodha za upakiaji, thamani ya bidhaa na takwimu za mauzo. Jambo liliandikwa mara moja, likatumika kila lilipohitajika.

Hiyo ndiyo faida ya mfumo jumuishi wa uhasibu mpaka leo. Kasi inapendeza, lakini kinachookoa biashara ni kwamba muuzaji, mtunza stoo na mhasibu wanasoma takwimu moja. Hakuna tena kukesha mwisho wa mwezi mkitafuta kwa nini leja ya stoo haikubaliani na ya mauzo.

Wazo hilo liliendelezwa na wengine. Mwaka 1972 wahandisi watano walioacha kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM nchini Ujerumani walianzisha SAP, kampuni ya programu za biashara. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI, na lengo lao lilikuwa muamala uingie kwenye hesabu palepale, bila kungoja mafungu ya kadi yashughulikiwe usiku. Mifumo hiyo ilikuwa ya makampuni makubwa. Wafanyabiashara wadogo walipata wa kwao kutoka Bangalore, India, mwaka 1986, baada ya mfanyabiashara Shyam Sunder Goenka kukosa programu ya kumfaa na kumtaka mwanawe, Bharat, aiandike. Ikawa Tally, ambayo leo iko kwenye maduka na ofisi nyingi za Afrika Mashariki.

Kwetu msukumo mwingine ulitoka serikalini. Kenya ilileta mashine za risiti za kodi, ETR, mwaka 2005, Tanzania ikaanza zake, EFD, mwaka 2010, na sasa programu ya uhasibu yenyewe inaweza kuunganishwa na mfumo wa mamlaka ya kodi. Wengi wamenunua programu kwa sababu hiyo peke yake, huku stoo ikibaki kwenye daftari na madeni kwenye simu ya mwenye duka. Hao wamelipia gharama yote na kupata nusu ya faida.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kulipia programu yoyote, fanya alivyofanya Simmons. Keti na muuzaji wako, mtunza stoo na mhasibu, muifuate oda moja tangu inapopokewa mpaka kodi inapolipwa. Kila mahali mtakapokuta takwimu inanakiliwa upya, mwulize anayekuuzia programu ataliondoaje hilo. Akishindwa kukujibu, usinunue.